Nani Amsomee Mzee Hati Yake?
Habari za bima ya matibabu ya wazee wa Marekani

Ndugu wanachama, katika kurasa zilizotangulia mmesoma habari za Chama chetu Kikuu tangu siku kilipoandikishwa, miaka kumi iliyopita: hesabu za kahawa, ujenzi wa ghala, na mashauri ya mikutano mikuu. Ukurasa huu una habari nyingine, nayo ni ya mbali. Twataka kueleza jinsi wazee wa Marekani walivyopata bima ya matibabu, jinsi bima hiyo ilivyowatatiza hata wengine wakaibiwa mchana, na jinsi walivyopatiwa watu wa kuwaeleza mambo yake pasipo kuwauzia kitu. Mtu atauliza, ya nini habari za Marekani katika kitabu cha ukumbusho cha wakulima? Jibu letu laanzia hapa hapa, kwenye dirisha la karani wetu.

Mwaka jana alifika ofisini mzee mmoja, mwanachama tangu siku ya kwanza, mtu asiyejulikana kwa maneno mengi. Alikuwa na karatasi nne ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa miaka mitatu alikuwa amelipia bima ya matibabu, yeye na mama watoto, kwa fedha za kahawa yake. Mkewe alipougua figo waliambiwa hospitalini kwamba ugonjwa ule haumo katika bima yao, wakauza ng'ombe wawili. Kijana aliyewaandikisha alikuwa na adabu nzuri, akawaambia kwamba kila kitu kimo. Karatasi haikusema hivyo. Ukurasa wa tatu ulitaja wazi, kwa Kiingereza, na kwa herufi ndogo sana, magonjwa yasiyolipiwa. Kwa hiyo mbele ya sheria hapakuwa na mwizi. Mzee hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Wanangu, nyinyi mmesoma. Mbona hamkunisomea?"

Hatukuwa na jibu. Swali lile ndilo lililotupeleka kutafuta habari za watu waliokwisha kuulizwa hivyo kabla yetu, na tukaona kwamba waliojaribu kulijibu kwa muda mrefu zaidi ni wa Marekani. Tulifurahi pia kuona kwamba mwanzo wa habari wamo wakulima wa ushirika.

Katika jimbo la Oklahoma upo mji mdogo uitwao Elk City. Huko alikaa daktari mmoja, jina lake Michael Shadid, mzaliwa wa Lebanoni wa mwaka 1882, aliyekwenda Marekani akiwa kijana na kuchuuza vito vya bei nafuu kabla ya kuingia chuo cha udaktari. Wagonjwa wake walikuwa wakulima. Aliona kila mwaka jambo tulijualo sisi sote: mkulima hupata fedha kwa msimu, lakini ugonjwa hauna msimu. Basi mwaka 1929 aliwaita akawapa shauri. Kila mwenye kutaka anunue hisa ya dola 50, hisa hizo zijenge hospitali, na hospitali iwe mali ya wenye hisa. Milango yake ilifunguliwa mwaka 1931, wakati wa ile dhiki kuu ya uchumi iliyowafilisi matajiri, sembuse wakulima.

Madaktari wenzake hawakupendezwa. Chama cha madaktari wa wilaya ile kilijivunja, kisha kikajiunda upya, na kilipojiunda jina la Shadid halikuwamo. Wakajaribu kumpokonya leseni. Umoja wa Wakulima wa Oklahoma ukasimama upande wake, na hospitali ikaitwa kwa jina lao. Wasomaji wanaokumbuka jinsi walanguzi walivyozipokea habari za ushirika wa kahawa hawatashangaa hata kidogo. Mambo haya yana sura moja popote duniani.

Twamtaja Daktari Shadid kwa sababu ya safari yake moja. Mwaka 1945 alikwenda kuhutubia watu wa Seattle, katika jimbo la Washington, kule pwani ya magharibi. Waliomsikiliza walikuwa wakulima, mafundi wa ndege na wanachama wa maduka ya ushirika, nao wakaanzisha ushirika wao wa matibabu, ambao ulianza kuhudumia wanachama mwaka 1947 na kuendelea kwa jina lake la ushirika hadi mwaka 2017, ulipochukuliwa na shirika kubwa zaidi. Jimbo hilo la Washington tutalirudia.

Mwaka ule ule wa 1945, mnamo Novemba, Rais Harry Truman alilipelekea Bunge shauri la bima ya matibabu kwa raia wote. Chama cha madaktari wa taifa kilipiga kelele kwamba huo ni ujamaa, na shauri likafa. Liliposhindikana kwa watu wote, wenye kulitetea wakaona afadhali walijaribu kwa wazee peke yao. Walikuwa na sababu. Wamarekani wengi walipata bima zao kwa waajiri. Mtu alipostaafu alikabidhi funguo za ofisi, na bima mara nyingi ikabaki huko huko. Mkulima hakuwa na mwajiri tangu mwanzo. Makampuni nayo hayakuwataka wazee, maana mzee huugua mara nyingi naye hana mshahara. Kufika miaka ya mwanzo ya 1960, karibu nusu ya wazee wa nchi ile tajiri hawakuwa na bima ya hospitali.

Tarehe 30 Julai, 1965, Rais Lyndon Johnson alisafiri hadi mji wa Independence, Missouri, nyumbani kwa Truman, akatia sahihi sheria ya bima ya wazee iitwayo Medicare mbele ya mzee huyo aliyekuwa na umri wa miaka 81. Kadi ya kwanza akapewa Truman, ya pili mkewe.

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa kuwa matatizo yote yaliyofuata yalitokana na jinsi bima hiyo ilivyoundwa. Ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hospitali, nayo ililipiwa na kodi iliyokatwa katika mishahara wakati mtu alipokuwa akifanya kazi. Mzee hakuhitaji kuichagua. Ya pili ilikuwa ya madaktari, na hiyo ilikuwa ya hiari: aliyeitaka alipe dola 3 kila mwezi. Hapo ndipo neno "kuchagua" lilipoingia, nalo halijatoka hata leo. Kila mtu mwenye miaka 65 na zaidi alitakiwa kujibu ndiyo au siyo kabla ya siku ya mwisho, ambayo kwanza iliwekwa tarehe 31 Machi, 1966.

Serikali iliona mara moja kwamba barua peke yake haitoshi. Wapo wazee wasiojua kusoma, wapo wasiojua Kiingereza, na wapo waliodhani kwamba karatasi yoyote ya Serikali ni ya kodi. Basi idara iliyopambana na umaskini ikaajiri watu maelfu, wengi wao wazee wenyewe, wapite mlango kwa mlango wakiwaeleza wenzao. Yasimuliwa pia kwamba walinzi wa misitu waliombwa kuwatafuta watu waliokaa peke yao porini. Siku ya mwisho ikasogezwa mbele hadi mwisho wa Mei, na bima ilipoanza kazi tarehe 1 Julai, 1966, wazee wapatao milioni 19 walikuwa wamo. Kwa maoni yetu miezi ile michache ilikuwa na hekima kuliko miaka mingi iliyofuata. Mzee alielezwa na mzee, nyumbani kwake, na mwenye kueleza hakuwa na kitu cha kuuza.

Lakini bima yenyewe ilikuwa na mianya. Mwenye kulazwa alitakiwa kutoa dola 40 za kwanza mwenyewe. Gharama za daktari alitoa dola 50 za kwanza kwa mwaka, na baada ya hapo sehemu 20 katika kila 100. Dawa za kunywa nyumbani hazikulipiwa, wala miwani, wala meno, wala vifaa vya masikio, wala matunzo ya muda mrefu kwa mtu asiyeweza tena kujihudumia. Kwa ufupi, vitu vingi ambavyo uzee huvihitaji vilibaki nje.

Penye mwanya hapakosi mwuzaji. Makampuni yakatunga bima za nyongeza za kuziba mianya ile, na nyingi zilikuwa halali zenye manufaa. Nyingine zilikuwa za ugonjwa mmoja tu, au za kulipa kiasi kidogo kwa kila siku ya kulazwa, nazo ziliuzwa kama kwamba zaziba kila kitu. Mwaka 1978 kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoshughulikia mambo ya wazee, chini ya Claude Pepper wa Florida, ilifanya uchunguzi juu ya biashara hiyo. Ikaonekana kwamba wapo wazee waliouziwa hati juu ya hati, zote za kulipia jambo lile lile. Wapo mawakala waliojifanya watumishi wa Serikali. Wapo waliomshawishi mzee aache hati ya zamani achukue mpya, kwa kuwa ujira wa wakala ulikuwa mkubwa zaidi katika mwaka wa kwanza wa hati. Na mzee mwenye hati nyingi hakujiona amedanganywa. Alijiona mwenye tahadhari. Hofu ndiyo iliyonunua. Mtu akishazika rafiki aliyefilisiwa na hospitali, hatamkatalia kijana mwenye tai anayemwonyesha karatasi nyingine.

Bunge likatunga sheria mnamo Juni 1980. Ilifanya kosa la jinai kwa wakala kujifanya mtu wa Serikali, au kumwuzia mzee kwa makusudi hati ya kurudia ile aliyo nayo. Iliweka pia kipimo cha hiari kwamba katika kila dola iliyokusanywa kwa hati za mtu mmoja mmoja, angalau senti 60 zirudi kwa wagonjwa. Sisi ambao katika kila Mkutano Mkuu tunabishana juu ya makato ya senti chache kwa kilo twaweza kufikiri wenyewe hali ilikuwaje kabla ya kipimo hicho.

Hata hivyo sheria hukamata mwenye hatia, haimweleweshi mzee. Jambo jema zaidi lilikuwa limekwisha kuanza mwaka mmoja kabla, na hapa twarudi katika jimbo la Washington. Mwaka 1979 ofisi ya Kamishna wa Bima wa jimbo hilo ilianza kuwafundisha watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, mambo ya bima ya wazee, kisha ikawatuma kukaa na wazee wenzao na kuwasomea hati zao bure. Mpango huo waliuita kwa kifupi SHIBA. Wao walikusanya tu herufi za mwanzo za maneno yao ya Kiingereza, hawakujua kwamba wanatamka Kiswahili. Lakini jina hilo kwa kweli halikukosea njia. California ikafuata, North Carolina mwaka 1986, na majimbo mengine.

Kazi ya mshauri huyo ni nyepesi kueleza na ngumu kufanya. Mzee huja na kadi yake, hati zake zote, na orodha ya dawa anazotumia. Mshauri huuliza kwanza, ndipo aseme: unatibiwa na nani, wapi, dawa gani, kipato chako ni kiasi gani, una bima yoyote kutoka kazini? Kisha huweka mipango miwili au mitatu kando kwa kando na kueleza tofauti kwa maneno ya nyumbani. Hauzi. Hapokei ujira wa kampuni yoyote. Habari za mgonjwa hazitoi nje. Na hamchagulii mtu. Akiona mzee ana haki ya msaada wa Serikali kwa watu wa kipato kidogo, humsaidia kuandika maombi, na wakati mwingine fedha zinazookolewa hapo huzidi zile za kuchagua bima yenyewe. Hatusemi kwamba mawakala ni wabaya. Wapo waaminifu, tena wenye ujuzi kuliko mshauri wa kujitolea. Lakini mkulima wa kahawa anajua tangu utotoni kwa nini baba zetu hawakutaka mnunuzi awe ndiye mshika mizani, hata alipokuwa mtu mwema.

Novemba 1990 sheria nyingine ilifanya mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, bima za nyongeza zilipangwa katika madaraja kumi, kuanzia herufi A hadi J, na katika karibu majimbo yote kampuni haikuruhusiwa kuuza nje ya madaraja hayo. Daraja moja lilikuwa na mambo yale yale kwa kila kampuni, hivyo kilichobaki kulinganishwa kilikuwa bei na huduma. Mtu aliyekaa katika mnada wa kahawa haitaji kuelezwa zaidi faida ya madaraja. Pasipo madaraja, kila mwuzaji husifu gunia lake. Aliyetimiza miaka 65 na kujiandikisha katika sehemu ya madaktari akapewa miezi sita ambayo kampuni haiwezi kumkataa kwa sababu ya ugonjwa wake. La pili, fedha za taifa zilitengwa kwa ajili ya washauri, na kuanzia mwaka 1992 mpango wa aina ya SHIBA ukaenea hadi ukafika majimbo yote 50.

Kati ya hayo kuna kisa cha mwaka 1988 ambacho viongozi wa vyama hawana budi kukijua. Mwaka huo Bunge lilipanua bima ya wazee ili iwakinge na gharama kubwa mno, na likasema wazee wenyewe wailipie, wenye nacho zaidi kwa kodi ya nyongeza. Wengi kati ya waliotakiwa kulipa zaidi walikuwa tayari na bima hiyo kutoka kazini kwao, na wasiokuwa nayo hawakuelezwa vema watakachopata. Agosti 1989, mjini Chicago, wazee walilizingira gari la mbunge Dan Rostenkowski, mkuu wa kamati ya kodi, hata akashuka akakimbia kwa miguu. Kabla ya mwaka kwisha sheria ilifutwa, pamoja na mema yaliyokuwamo.

Kisha uchaguzi ukazidi kupanuka. Mwaka 1997 Bunge lilifungua zaidi mlango wa mipango ya makampuni yenye kuchukua nafasi ya bima ya Serikali. Mwaka 2003 ikatungwa sheria ya dawa, na tarehe 1 Januari, 2006, wazee wakaanza kulipiwa dawa za nyumbani, jambo walilolingoja tangu 1966. Lakini dawa hizo hazikuletwa na Serikali moja kwa moja. Zililetwa na makampuni kwa mipango mbalimbali. Katika majimbo mengi mzee aliwekewa mbele mipango ya dawa zaidi ya 40. Kila mpango ulikuwa na orodha yake ya dawa, maduka yake, na bei yake. Mpango wa kawaida ulilipa hadi gharama za dola 2,250, kisha ukanyamaza, mzee akilipa yote mwenyewe hadi alipokwisha kutoa dola 3,600 mfukoni, ndipo ukaanza tena kulipa. Aliyechelewa kujiandikisha pasipo sababu alitozwa nyongeza ya asilimia moja kwa kila mwezi wa kuchelewa, na nyongeza hiyo humfuata. Katika wiki za kwanza za Januari maskini wengi walifika dukani wakaambiwa majina yao hayaonekani, na baadhi ya majimbo yakalazimika kutoa fedha yao yenyewe ili wagonjwa wasirudi mikono mitupu.

Je, wazee walichagua vizuri? Mwaka 2011 wachumi wawili, Jason Abaluck na Jonathan Gruber, walichapisha hesabu yao: ni kama watu 12 katika kila 100 waliochagua mpango wenye gharama ndogo kuliko yote kwao. Wengi walitazama ada ya mwezi, ambayo huandikwa kwa herufi kubwa, wakasahau gharama za dawa watakazotoa dukani. Lakini utafiti mwingine, uliofanywa katika jimbo la Wisconsin na kuchapishwa mwaka 2012, ulitufurahisha zaidi. Baadhi ya wazee walipelekewa barua iliyotaja, kwa kila mmoja na dawa zake, mpango upi ungemgharimu kidogo. Wengine walipelekewa maelezo tu ya mahali pa kutafuta habari hizo. Katika kundi la barua, watu 28 kwa kila 100 walibadili mpango. Katika kundi la pili, 17. Kwa wastani kundi la barua lilipunguziwa gharama kwa kadiri ya dola 100 kwa mwaka. Barua moja tu! Habari zote zilikuwa wazi kwa kila mtu, lakini kuwa wazi na kufika machoni pa mwenye haja ni mambo mawili mbalimbali.

Liko jambo moja ambalo washauri hulirudia hata wakachoka, nalo ni la milango inayofunguka upande mmoja. Mzee anaweza kuacha bima ya Serikali ya asili na kuingia mpango wa kampuni, kwa kuwa ada yake ni ndogo na pengine umeongezwa meno na miwani. Tangu mwaka 2023 zaidi ya nusu ya wazee wenye bima hiyo wamo katika mipango ya namna hii, na wengi wameridhika. Lakini mpango wa kampuni mara nyingi huwa na orodha ya madaktari wake, na huweza kudai kibali kabla ya matibabu. Mzee akiugua sana, akataka kurudi kwenye bima ya asili, ataruhusiwa. Ila bima ya nyongeza ya kuziba mianya huenda asiipate tena, maana ile miezi sita imekwisha kupita na kampuni ina ruhusa ya kumkataa kwa ugonjwa wake. Ni majimbo manne tu, New York, Connecticut, Massachusetts na Maine, yanayomlinda, ama wakati wote ama kwa kipindi maalumu kila mwaka. Vilevile, asiyejiandikisha katika sehemu ya madaktari kwa wakati wake, naye hana bima ya kazini, huongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila mwaka mzima aliochelewa, na kwa kawaida huilipa maisha yake yote. Ada ile iliyokuwa dola 3 ilifika dola 185 kwa mwezi mwaka 2025. Mwaka huo huo wakala aliyemwandikisha mzee kwa mara ya kwanza katika mpango wa kampuni aliweza kulipwa hadi dola 626 katika majimbo mengi. Mshauri wa kujitolea hulipwa kikombe cha kahawa, pengine ya kwetu.

Tusiwasifu kupita kiasi. Washauri hawa ni wachache kwa wazee mamilioni, na wazee wengi hawajapata kusikia kwamba wapo. Mwaka 2016 kamati ya matumizi ya Seneti ilipendekeza kuzifuta kabisa fedha zao, ambazo zilikuwa kama dola milioni 52 kwa nchi nzima. Hazikufutwa, lakini mambo kama haya huonyesha kazi ya kumweleza mtu inavyohesabiwa nyepesi na wale wasioifanya.

Sheria zetu si zao, wala hatuutamani msitu wao wa mipango. Hata hivyo Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na jirani zetu wa Kenya walianza mfuko wao mpya Oktoba 2024. Karatasi zinakuja, nazo zitawafikia wanachama ambao wengi wao sasa wamevuka miaka 60. Halmashauri iliulizwa swali la yule mzee katika Mkutano Mkuu, mbele ya watu, na safari hii ilijibu. Imewekwa meza moja katika ghala la zamani, mbali na dirisha la malipo ili mtu asidhani bima inakatwa kwenye kahawa. Walimu wawili wastaafu, wanachama wetu, hukaa hapo kila siku ya gulio. Wamefundishwa kusoma hati, wamekatazwa kuuza chochote au kupokea ujira wa kampuni yoyote, na lisilo wazi kwao hulipeleka kwa maandishi kwa wenye mfuko, wakasubiri jibu la maandishi. Kufikia leo daftari lao lina kurasa kumi na moja.

Yule mzee wa mfuko wa nailoni huja mara kwa mara. Hana karatasi tena. Hukaa kwenye benchi mlangoni, na kila anayeingia humwuliza kama amekumbuka kuja na miwani yake.